Mwalimu Atuganile wa Kikundi cha Uji

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo Jumapili, tarehe 16 Agosti 1959, hapa Iwowo, ni Mwalimu Atuganile binti Anania, mke wa Mwalimu Jailos. Habari hizi za maisha yake zimeandikwa na familia, na anayezisoma ni kaka yake, Abrahamu. Wengi wenu mmepanda mlima tangu alfajiri na baridi hii, wengine mmetoka Iringa na mmelala njiani. Mmechoka, nasi wafiwa tumechoka, kwa hiyo tutasema yaliyo kweli tu. Mwenyewe hakupenda kusifiwa. Mtu akianza kumsifu, alikuwa akiinuka na kwenda jikoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1930 katika kijiji hiki cha Iwowo, milimani Uporoto, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Anania Sedekia na Mama Raheli. Mama yake alimpata kwa uchungu wa muda mrefu, hata wakunga walikuwa wamekwisha kukata tamaa, na wote wawili walipotoka salama baba yake alimwita Atuganile, yaani Mungu ametupenda. Alipokuwa na umri wa miaka kumi alishikwa na homa ya viungo. Magoti yalimvimba, akalala ndani msimu mzima wa masika. Alipoinuka, kifua chake hakikuwa tena kama cha watoto wenzake. Akipanda na mtungi kutoka mtoni alikuwa akiutua njiani na kukaa juu ya jiwe, na wenzake wakampa jina la Bibi. Alilikubali jina hilo, ila alidai wamwamkie.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya hapa kijijini, kisha akaenda shule ya kati ya bweni. Mwaka 1950 alichaguliwa kuingia chuo cha ualimu cha wasichana karibu na Iringa. Mzee Anania alilaumiwa na ndugu kwa kumpeleka binti mbali kiasi hicho. Aliwajibu kwamba kifua cha mwanawe hakifai jembe, basi acha ashike chaki.

Mwezi wa Februari 1951 wanachuo walipelekwa vijijini kufanya mazoezi ya kufundisha, naye akapangiwa Kilolo. Katika darasa lake alikuwamo msichana aliyekuja kila siku na mdogo wake mgongoni, kwa kuwa mama yao alikuwa shambani. Mtoto huyo aliitwa Marta, na hakuwa amefikisha miaka mitatu. Siku moja Marta aligeuza uso kuelekea dirishani, na marehemu akaona mboni ya jicho lake la kushoto inang'aa nyeupe, kama jicho la paka linapopigwa na mwanga wa taa. Aliuliza hali hiyo ilianza lini. Dada mtu akajibu kwamba ilianza wakati wa mavuno, na bibi yao alikuwa akimtia maji ya majani lakini weupe hauondoki.

Marehemu alimshawishi Evarista, mama wa mtoto, wakapanda lori la mahindi mpaka hospitali ya misheni. Daktari alimpima Marta, akasema ni saratani ya jicho. Jicho likitolewa upesi, mtoto angeweza kuishi. Likiachwa, ugonjwa ungepanda kichwani, na hapo dawa hakuna.

Lutengano, baba wa Marta, alikataa. Hakuwa mtu mkali. Alikaa kizingitini mwa nyumba yake akichonga mpini, akamsikiliza binti wa chuo mpaka mwisho.

"Una mtoto wewe?" akamuuliza.

"Sina, baba."

"Una shamba?"

"La nyumbani kwetu tu."

"Haya. Mke wangu anakaa hospitali mwezi mzima, mahindi yanamezwa na magugu. Hawa wengine wanne watakula nini? Utawapa wewe?"

Marehemu aliaga akaenda zake. Lakini Jumamosi iliyofuata alirudi na wenzake wa chuo waliokuwa mazoezini katika vijiji vya jirani. Kila mmoja alikuwa na jembe la kuazima. Waliingia katika shamba la Lutengano wakapalilia, na yeye, kwa sababu ya kifua, alipewa sufuria kubwa awapikie uji kando ya shamba. Jioni Lutengano alilipitia shamba lake mstari kwa mstari, akarudi pale penye sufuria, akasema, "Mchukueni. Sina neno tena."

Marta alitolewa jicho wiki iliyofuata. Sasa ni msichana mkubwa, anasoma, na wazazi wake wamekuja kumzika mwalimu.

Kikundi kilianza hivyo, bila mkutano wala katiba. Waliporudi chuoni waliomba ruhusa ya mkuu wa chuo, wakapewa kipande cha ardhi nyuma ya mabweni, wakalima viazi na maharage ya kuuza. Walishona vitambaa vya meza. Siku za gulio kwaya yao iliimba sokoni Iringa. Fedha walizopata ziliwalipia nauli na chakula wazazi waliokuja hospitalini na watoto wenye uvimbe na saratani, na palipohitajika wasichana walikwenda kushika majembe ya watu waliokuwa wodini. Waliitwa Kikundi cha Uji, kwa sababu kila walipoonekana, sufuria ilikuwa nyuma yao.

Kuhusu kwaya, yafaa isemwe kwamba marehemu hakujaliwa sauti. Mwalimu wa kwaya alimwambia kwa upole afungue mdomo tu, kuimba awaachie wengine. Yeye akaomba ashike kapu la sadaka. Alikuwa akisimama mbele ya mtu, kimya, akimtazama usoni, mpaka mtu anaona heri atoe. Bwana Makame, mfanyabiashara wa nguo pale sokoni, alisema binti yule angepewa kazi ya kukusanya kodi, Serikali isingehitaji askari.

Bwana Makame na mkewe, Bi Mwanakhamisi, ambao wazee wao walitoka Kilwa, ndio waliokipa kikundi chumba. Bi Mwanakhamisi aliwakuta akina mama wawili wa hospitali wamejikunja barazani kwake na watoto wao, akamwita marehemu ndani.

"Mwanangu, keti kitako. Hawa ni watu wako?"

"Ni wa hospitali, mama."

"Mimi nina chumba kizima kimejaa magunia matupu, na watu wanalala nje na wagonjwa. Waambie wenzio waje wayatoe hayo magunia. Na hiyo sufuria yenu ileteni hapa, msiwe mnahangaika nayo njiani."

Tangu siku hiyo mpaka leo chumba kile hakijarudi kuwa stoo. Tunamshukuru Bwana Makame na Bi Mwanakhamisi, ambao wako nasi hapa.

Tusiseme kwamba watoto wote walipona. Wengi hawakupona. Wazazi walikuwa wamewaleta wakiwa wamechelewa, au ugonjwa wenyewe ulikuwa hauna dawa. Mwaka huo huo wa 1951 baadhi ya wanachuo walitaka fedha zitumike kwa wale tu ambao daktari anaona watapona. Marehemu aliwauliza, "Kwani mama ambaye mwanawe hatapona haoni njaa?" Hawakukubaliana siku hiyo wala ya pili. Mwishowe waliendelea kupika bila kuuliza nani atapona, na wawili kati yao waliacha kikundi.

Alihitimu kama mwalimu wa daraja la pili, na Januari 1952 alianza kazi katika shule ya kati ya wasichana mjini Mbeya. Alifundisha hesabu na sayansi ya nyumbani. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba alifundisha akiwa amekaa, na kwamba kukaa kwake hakukumzuia kumwona mtu aliyekuwa akisinzia nyuma kabisa. Alianzisha Kikundi cha Uji pale shuleni pia.

Tarehe 19 Desemba 1953 alifunga ndoa na Mwalimu Jailos, ambaye alimfahamu siku za Iringa, alipokuwa mwanafunzi wa shule ya wavulana aliyejitolea kubeba viazi vya kikundi hadi sokoni. Alipomposa, marehemu alimwambia wazi kwamba daktari amesema moyo wake ni mbovu, afikiri vizuri. Jailos akajibu kwamba yeye naye ana jino bovu, na hakuna aliyemwambia asioe. Walijaliwa mtoto mmoja, Asukile, aliyezaliwa mwezi wa Mei 1955. Baada ya kujifungua daktari alimkataza kupata mtoto mwingine.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au pasisomwe. Mumewe alisema pasomwe.

Mwishoni mwa mwaka 1956 alifika Mbeya mchimbaji wa dhahabu kutoka Chunya aitwaye Zubery, akiwa na binti yake wa miaka sita, Jaha. Taya la Jaha lilikuwa limevimba upande mmoja, meno yamelegea. Mke wa Zubery, Bi Tatu, alibaki Chunya kwa kuwa alikaribia kujifungua. Daktari alisema uvimbe ule umemshinda. Pengine Dar es Salaam wangeweza kitu, lakini hakuahidi. Zubery alitaka kurudi nyumbani. Marehemu ndiye aliyemzuia. Alimweleza habari za Marta wa Kilolo, jinsi baba yake alivyokataa kwanza, na jinsi mtoto alivyo hai leo. Alimweleza vizuri sana. Zubery alikubali.

Wanafunzi wa kikundi walitoa kila walichokuwa nacho, wakauza viazi kabla ya wakati wake na kuimba makanisani Jumapili baada ya Jumapili. Shule ilipofungwa, marehemu alimwacha Asukile kwa Mama Raheli, akaondoka na Zubery na Jaha kwa basi kupitia Iringa hadi Dodoma, na kutoka Dodoma kwa garimoshi. Huko Dar es Salaam madaktari walimtazama Jaha kwa siku chache, wakasema ugonjwa umekwisha kuenea, wamrudishe kwao.

Hawakufika. Mtoto alizidiwa njiani, na mwanzoni mwa Januari 1957 alifariki katika chumba cha nyumbani kwa Bwana Makame, Iringa, mchana, Bi Mwanakhamisi akiwa amempakata. Alioshwa na wanawake wa jirani na kuzikwa siku ile ile kwa taratibu za dini yao. Watu waliporudi kutoka makaburini, Zubery alimwendea marehemu, aliyekuwa amekaa uani.

"Mwalimu, mimi sikulaumu," alisema. "Umetumika kwa ajili yetu. Ila ungeniacha nirudi Chunya, mama yake angemwosha mwenyewe."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, akaenda kutafuta lori la kumpeleka Mbeya.

Marehemu alirudi kazini shule ilipofunguliwa. Alifundisha kama kawaida, lakini kikundi alikiacha. Mwalimu Jailos alidhani ni kifua, akamshauri apumzike muhula mmoja.

"Si kifua," alimjibu. "Nimechoka kuwaambia watu waje. Wakija kwa maneno yangu, na mtoto akifa mbali, maneno yangu yanakuwa nini?"

"Lakini Marta alipona."

"Ndiyo. Na mimi nilimchukua Marta nikawa namtembeza kwa watu kama cheti."

Mwaka mzima wa 1957 hakukanyaga hospitali. Wapo waliosema kwamba mwalimu amegeuka, amejali nyumba yake. Hakujitetea. Alilala mapema, alifua, alimlea Asukile, na siku nyingine Jailos alimkuta amekaa jikoni, moto umezimika, yeye hana habari. Tunalisema hili kwa sababu ni la kweli, na kwa sababu wapo hapa watu waliochoka kama yeye, wanaodhani wako peke yao.

Kikundi hakikufa. Kilishikwa na mwanafunzi wa darasa la sita aitwaye Tupokigwe. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, Tupokigwe na wenzake walikutana katika ukumbi wa nyumba ya mwalimu, kwa kuwa darasa lilikuwa na mtihani. Marehemu alikuwa chumba cha pili akipiga pasi. Alimsikia Tupokigwe akiwaambia wenzake wageni katika kikundi, "Tukifika kwa mtu, hatumwambii afanye nini. Tunamwuliza yeye anataka nini. Akitaka nauli ya kwenda, tunatafuta. Akitaka kukaa na mtoto wake nyumbani, tunampikia hapo hapo nyumbani."

Mwalimu alitoka na pasi mkononi. "Hayo nani amewafundisha?"

Tupokigwe aliogopa. "Hakuna, mwalimu. Tuliona tu."

Alirudi ndani akaendelea kupiga pasi. Lakini jioni alimwambia mumewe kwamba anataka kwenda Chunya.

Alikwenda likizo ya Juni 1958. Alifika kwa Bi Tatu vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akamkuta anamenya karanga, mtoto mchanga wa wakati ule sasa anatembea. Aliyoyakuta huko alimsimulia mama yetu, naye ametusimulia sisi.

"Ndiye wewe mwalimu?" Bi Tatu aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Karibu. Keti hapo kwenye kivuli."

Marehemu alikuwa amejiandaa kuomba radhi. Bi Tatu alimsukumia ungo wakamenya karanga pamoja, kisha akasema, "Zubery hasemi kitu. Tangu arudi, nikimwuliza habari za mtoto anatoka nje. Wewe ulikuwapo. Niambie."

"Nikuambie nini, dada?"

"Yote. Alivaa nini. Alikula nini. Alinitaja?"

Basi akamwambia. Alimwambia kuhusu gauni la bluu ambalo wanafunzi walimshonea, na jinsi Jaha alivyokataa kulivua hata usiku. Alimwambia kwamba alimtaja mama yake kila alipopewa chakula, kwa sababu hakuna aliyejua kuupoza uji kama yeye. Alimwambia habari za Dodoma, jinsi Jaha alivyoliona garimoshi limesimama linafuka moshi, akamwuliza baba yake kama limelala. Zubery akasema ndiyo, limelala kidogo. Basi mtoto akawaamuru watu wote wa behewa wanong'one wasije wakaliamsha, na watu wazima, wenye mizigo na kofia zao, wakanong'ona mpaka garimoshi lilipoondoka.

Bi Tatu alicheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini, halafu akalia, na marehemu akalia naye. Walipotulia, Bi Tatu alijifuta uso kwa upindo wa kanga akasema, "Rudia hapo pa garimoshi."

Akarudia. Jioni, Zubery aliporudi kutoka machimboni, mkewe alimwambia akae naye asikilize, na mwalimu akarudia tena. Zubery hakutoka nje.

Hakuna aliyemwambia marehemu kwamba amesamehewa, wala hakuuliza. Walimfungia karanga, akarudi Mbeya. Jumamosi iliyofuata wanafunzi walimkuta jikoni shuleni, anasugua sufuria. Kuanzia hapo hakukiongoza tena kikundi. Alipika, na kazi ya kuwakabili watu alimwachia Tupokigwe.

Machi mwaka huu moyo ulianza kumshinda. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya shida, na akilala chali alihisi anazama. Alilazwa hospitalini Mbeya mara tatu. Kwa miezi mitano alilala ameketi, mito imepangwa nyuma yake, na asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala. Wanafunzi walimletea uji kila siku. Aliunywa, akalalamika kwamba ni mwepesi, akawauliza kama wanapika au wanasuuza sufuria.

Ijumaa tarehe 14 Agosti, asubuhi, Tupokigwe alifika wodini akiwa na wasiwasi. Kesho yake kikundi kilitakiwa kwenda Inyala, kwenye familia yenye mtoto anayeumwa jicho, na wasichana hawakutaka kumwacha mwalimu katika hali ile.

"Nendeni," alisema. "Mkifika, waulizeni kwanza wanataka nini."

Tupokigwe alipotoka, marehemu alimwomba mumewe aondoe mito. Jailos alimkumbusha kwamba daktari amekataza.

"Najua," alisema. "Nataka kulala kama watu."

Jailos aliondoa mito, mmoja mmoja, akamlaza. Alimshika mkono. Marehemu alifumba macho, na ilipofika saa nne alikuwa ametutoka.

Wasichana walikwenda Inyala jana kama walivyoagizwa, ndiyo maana mmewaona wamefika hapa leo wamechelewa na wana matope. Tunawaomba msiwalaumu.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Jailos, binti, Asukile, mwenye umri wa miaka minne, baba na mama, Mzee Anania na Mama Raheli, mama mkwe, kaka, Abrahamu, na wadogo watatu, pamoja na wanafunzi wengi wa Mbeya na Iringa. Ametutangulia akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa.

Atuganile, tunakulaza sasa. Lala upendavyo, mama. Amani ya Bwana ikufunike.